Elijah Masinde: Fundi wa Boli Kutoka Kimilili Aliyepelekwa Mathari kwa Kuambia Mzungu Arudi Kwao

Kama umekulia Bungoma ama Kitale, stori ya Elijah Masinde umeisikia vipande vipande. Kuka alikuambia huyo alikuwa nabii. Mwalimu wa historia akakuambia ni kiongozi wa Dini ya Msambwa, andika hivyo upate maksi zako mbili uende. Msee wa boda naye akakuapia kwamba huyo mzae alikuwa anatoka seli mlango ukiwa bado umefungwa. Lakini kuna kipande kimoja watu huruka haraka: kati ya 1945 na 1947 huyu jamaa alikuwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Na hakupelekwa na mamake wala na majirani waliochoka. Alipelekwa na serikali.

Sasa tulia nikupe hiyo stori yote, kwa sababu si ya Masinde peke yake. Ni ya nani ana haki ya kukuambia wewe ni kichaa. Pia ni ya lile swali ambalo wakoloni walishindwa kulijibu hadi wakaondoka: mtu mmoja hana bunduki, hana chapaa, hana redio, anawezaje kuongea na maelfu wakaamini?

Masinde alizaliwa Kimilili, hapo chini ya Mlima Elgon ambao Wabukusu wanauita Masaba, karibu mwaka wa 1910 hadi 1912. Siku hizo hakuna aliyekuwa anaandika tarehe ya kuzaliwa, kwa hivyo usinishike shati. Kitu cha kwanza alichojulikana nacho hakikuwa unabii, ilikuwa boli. Alikuwa kapteni wa timu ya Kimilili, akapanda hadi akachezea timu ya Kenya dhidi ya Uganda mwaka wa 1930 kwenye Kombe la Gossage. Hilo kombe lilidhaminiwa na kampuni ya sabuni kutoka Uingereza, na ndilo babu wa hii CECAFA unayoijua. Fikiria kijana wa miaka kama ishirini hivi, anatoka kijijini, anavaa jezi ya nchi ambayo yenyewe si huru. Kama Instagram ingekuwepo, huyo angekuwa na followers kuliko chifu.

Kanisani alikuwa mtu wa Kwekwa, hawa Friends ambao wamejaa Western mpaka leo. Mambo yalikuwa fiti hadi akaongeza bibi wa pili. Kanisa likamtoa. Kwa wamishenari hiyo ilikuwa dhambi ya wazi. Kwa Mbukusu wa wakati huo, mwanamume kuoa wa pili ilikuwa mambo ya kawaida kabisa, na babake na babu yake hawakuwahi kuombewa msamaha kwa hilo. Mimi naona hapo ndipo swali lilimwingia: kama Mungu wa hawa watu anakataa kila kitu cha kwetu, basi Wele wa kwetu alienda wapi?

Jibu lake lilikuwa Dini ya Msambwa, iliyoanza kusikika vizuri miaka ya mapema ya 1940. Msambwa ni mizimu ya wazee waliotangulia, na dini yenyewe ilikuwa mchanganyiko: Wele wa Wabukusu, mlima Masaba kama mahali patakatifu, na Biblia pia ndani yake, kwa sababu Masinde alikuwa ameisoma na hakuona sababu ya kuwaachia wazungu. Pamoja na sala kulikuwa na ujumbe ambao haukuhitaji kufafanuliwa. Mzungu arudi kwao, mashamba yarudi kwa wenyewe.

Ili uelewe kwa nini ujumbe huo ulishika kama moto wa kiangazi, angalia Kitale ya wakati ule. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengine wakiwa wanajeshi waliostaafu. Reli ikafika Kitale mwaka wa 1926, mahindi yakaanza kusafiri. Wabukusu wengi walivuka kwenda huko kufanya kazi kama maskwota: unapewa kipande cha kulima na kulisha ng'ombe, nawe unamlipa mwenye shamba kwa kazi yako. Kisha walowezi wakaona ng'ombe wa maskwota wamezidi, wakaanza kuwapunguza kwa lazima. Kwa Mbukusu ng'ombe ni benki, ni mahari, ni heshima. Ongeza Vita vya Pili, vijana wakichukuliwa jeshini na wengine wakisukumwa mashambani kufanya kazi. Watu walikuwa wamejaa hadi shingoni. Masinde hakuwapandikizia hasira. Aliikuta hapo.

Mwaka wa 1944 alianza kukataa amri za serikali waziwazi, na wafuasi wake wakamfuata. Akashikwa, akafungwa. Kisha mwaka wa 1945 ikaamuliwa kwamba huyu si mhalifu tu, huyu ni mgonjwa. Akasafirishwa hadi Nairobi, akaingizwa Mathari.

Hebu tuingie Mathari kidogo. Ilifunguliwa 1910, na wadi za wazungu zilitengwa na za Waafrika, hata wazimu ulikuwa na rangi. Aliyekuwa akiisimamia tangu 1938 alikuwa daktari anaitwa J. C. Carothers, na alipochukua kazi hiyo alikuwa daktari wa kawaida tu, si mtaalamu wa magonjwa ya akili. Ndiyo huyo huyo aliyekuja kuandika mwaka wa 1951 kwamba ubongo wa Mwafrika unafanya kazi kama wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika, na 1954 serikali ya Kenya ikamwomba aeleze saikolojia ya Mau Mau, kana kwamba watu kudai shamba lao ni ugonjwa unaohitaji vipimo. Wewe ungependa faili yako ishikwe na huyo?

Na usidhani Masinde alikuwa wa kwanza. Afrika Kusini kulikuwa na mama anaitwa Nontetha Nkwenkwe, nabii wa kijijini aliyekuwa akihubiri watu waungane na waache pombe. Mwaka wa 1922 akaingizwa hospitali ya vichaa, akahamishwa hadi Pretoria, na akafia huko 1935 bila kurudi nyumbani. Familia yake ilipata mabaki yake 1998. Njia ilikuwa rahisi: mfungwa wa siasa ana kesi, ana siku ya kutoka, na anaweza kuwa shujaa. Kichaa hana. Anachosema hakihesabiki tena, na hakuna haja ya kumjibu kuhusu shamba.

Sasa tuje kwa lile swali la umati. Wakoloni wengi waliamini kwamba manabii kama hawa wanawapumbaza watu, yaani wanawafanyia hipnosisi. Neno hilo ukilisikia unaona zile sinema, msee anazungusha saa ya mnyororo, macho yako yanakuwa mazito, unaanza kulia kama kuku. Ama unakumbuka wale wahuni wa stage wanaokusalimia vizuri, na ukizinduka umewapa simu pamoja na PIN ya M-Pesa. Watu wetu husema alipulizwa. Ukweli uko na historia tamu sana, wacha nikuchape nayo haraka.

Miaka ya 1780 huko Paris kulikuwa na daktari anaitwa Franz Mesmer, aliyedai anaponya watu kwa nguvu ya sumaku iliyo mwilini. Wagonjwa walikuwa wanatetemeka, wanalia, wanaanguka, na wengine kweli walikuwa wanapata nafuu. Mfalme wa Ufaransa akaunda kamati mwaka wa 1784, mmoja wa wanakamati akiwa Benjamin Franklin, yule wa noti ya dola mia. Wakafanya jaribio kwenye bustani yake. Mti mmoja ukawekwa hiyo sumaku, kisha kijana wa miaka 12 akafungwa macho na kupelekwa mti baada ya mti. Kijana akazimia kabla hata afike kwenye mti wenyewe. Alianguka chini ya mti wa kawaida. Kamati ikasema hakuna sumaku hapa, ni mawazo tu ya mgonjwa.

Lakini ona walichokanyaga wakapita. Kijana alizimia kweli! Kama wazo peke yake linaweza kumwangusha mtu, basi wazo si kitu kidogo. Hapo ndipo mambo ya kutibu kwa maneno yakaanza kuchukuliwa siriasi. Mwaka wa 1843 James Braid, daktari wa upasuaji kule Manchester, akaandika kitabu akisema si sumaku wala uchawi, ni akili iliyokazia kitu kimoja. Baadaye Wafaransa wakagawanyika kambi mbili. Kambi ya Charcot kule Paris ikasema wanaoweza kufanyiwa hipnosisi ni wagonjwa wa neva. Kambi ya Bernheim kule Nancy ikasema hapana, ni sisi sote. Kila mtu hubeba mawazo yaliyopandwa na mtu anayemwamini, tofauti ni kiasi tu. Sigmund Freud alipita kambi zote mbili kabla ya kuachana na hipnosisi na kuanza kusikiliza wagonjwa wakiongea.

Bernheim ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli. Leo matabibu wa akili wanatumia hipnosisi kupunguza maumivu, wasiwasi, hata matatizo ya tumbo. Si usingizi, na hakuna anayekupora akili. Unakaa chini na mtu unayemwamini, unatulia, anakuongoza kuwaza kitu kwa njia tofauti, na kuna watu inawashika haraka na wengine haiwashiki hata kidogo. Mwaka wa 2010 kuna watafiti Marekani waliwapa wagonjwa wa tumbo vidonge visivyo na dawa yoyote na wakawaambia wazi kwamba ni vidonge tupu. Bado wagonjwa hao walipata nafuu kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Kwa Sheng tungesema tu kuna watu wameingizwa box na wakapona wakijua wanaingizwa box.

Na inaweza kwenda upande mbaya, hilo tusifiche. Mwaka wa 1905 kusini mwa Tanzania watu waliingia vitani dhidi ya Wajerumani wakiamini maji ya Kinjikitile Ngwale yatazigeuza risasi kuwa maji. Juzi tu, 2023, tukafukua makaburi Shakahola. Kwa hivyo swali la kama maneno yana nguvu lilishajibiwa zamani. Kosa la serikali ya mkoloni lilikuwa kuchagua kambi ya Charcot: kama umati unamwamini Masinde, basi yeye ni mgonjwa na umati nao una akili dhaifu. Hawakujiuliza kama umati unamwamini kwa sababu ng'ombe wamechukuliwa. Na kwa mtindo huo huo, zile nyimbo za kumsifu mfalme ambazo watoto walikuwa wakiimbishwa kwenye shule za wakati huo hakuna aliyeziita hipnosisi.

Mathari ikamwachilia Masinde mwaka wa 1947. Kama lengo lilikuwa kumnyamazisha, hiyo dawa ilikataa. Ukitoa mtu hospitali ya vichaa na anaongea vile vile alivyokuwa akiongea, wafuasi wanajua kitu kimoja tu: walijaribu na wakashindwa. Jina likawa kubwa mara mbili.

Mwaka huo huo aliwapeleka maelfu ya watu Chetambe, karibu na Webuye. Kama hujawahi kufika, ni mahali pa ngome ya Wabukusu iliyovunjwa mwaka wa 1895, wakati C. W. Hobley na jeshi lake walipokuja kuwanyoosha. Watu wengi walikufa pale, wanaume kwa wanawake. Ilikuwa imepita miaka 52, na wazee walioona vita wakiwa watoto bado walikuwa hai. Masinde akafanya ibada ya kuwakumbuka wafu hao. Hebu fikiria uzito wake. Serikali imekuwa ikifundisha kwamba ilileta amani, na hapa kuna msee aliyetoka Mathari juzi amesimama juu ya mifupa ya watu wenu, anawakumbusha amani hiyo ilianzaje. Hapo huhitaji saa ya mnyororo.

Baada ya hapo mambo yakawaka. Nyumba na mali za wazungu na za watu wa serikali zikachomwa, na mashamba ya Trans Nzoia hayakuachwa. Walowezi wa Kitale wakaanza kulala na bunduki karibu. Si kila aliyeumia alistahili, na mtu akikuambia Dini ya Msambwa ilikuwa ya maombi tu anakushika masikio.

Tarehe 10 Februari 1948 umati wa wafuasi ulielekea Malakisi, makarao wakafyatua risasi. Watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku mwaka huo, na Masinde akashikwa. Safari hii hawakujisumbua na madaktari. Wakamtupa Lamu, mbali na mlima wake kadiri nchi inavyoruhusu, akakaa kizuizini zaidi ya miaka kumi.

Lakini wazo lilishatoka Kimilili likapanda hadi Pokot. Huko Lukas Pkiech akaichukua Dini ya Msambwa akaifanya ya watu wake. Tarehe 24 Aprili 1950 yeye na wafuasi wake wakakutana na kikosi cha serikali pale Kolloa, Baringo. Pkiech akauawa pamoja na wafuasi wengi, na upande wa serikali nao ukapoteza maafisa. Baadaye Wapokot wengine wakanyongwa. Masinde alikuwa mbali kabisa, amefungiwa. Kama yeye ndiye aliyekuwa anawapumbaza watu, aliwapumbazaje akiwa haonekani?

Aliachiliwa uhuru ukiwa unakaribia, akarudi nyumbani kama shujaa. Mwaka wa 1964 dini ikaruhusiwa. Hapo ungetarajia stori iishe vizuri, mzae apewe kiti mbele siku ya Madaraka, apigwe picha, aende nyumbani. Masinde hakuwa wa hivyo. Aliangalia Trans Nzoia, akaona mashamba mengi makubwa bado yako na watu wachache, sura tu ndizo zimebadilika, akaendelea kusema yale yale aliyokuwa akisema kwa mkoloni. Serikali ya Kenyatta haikuchekeshwa. Mwaka wa 1968 Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku tena, safari hii na Waafrika wenzake, na Masinde akarudi kuwa mtu wa kuingia na kutoka jela hadi Moi alipomwachilia mwaka wa 1978.

Kwa hivyo hesabu mwenyewe. Mwingereza alimwita kichaa, akamwita mchochezi, akamhamisha. Kenya huru ikamfunga tena. Kama kweli alikuwa mgonjwa, basi alikuwa na ugonjwa mmoja usiobadilika chini ya serikali tatu, na dalili zake zilikuwa kuuliza shamba liko wapi.

Alifariki mwaka wa 1987, mzee wa kama miaka 75 hivi. Mpaka leo ukitaja jina lake kwa wazee wa Kimilili utapata wanaomwita nabii, na utapata wengine, hasa wa familia ambazo nyumba zao ziliungua, ambao hawataki hata kulisikia.

Na kabla uende kupost, tafadhali usituletee aibu: Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale Kakamega hakikupewa jina la huyu. Hiyo ni ya Masinde Muliro, mwanasiasa, aliyefariki 1992. Wote Wabukusu, wote kutoka upande wa Kimilili, lakini yule aliyekaa Mathari ni Elijah.